Kikorea cha Jikoni

Hotuba kwa wazazi na walimu, Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, Dar es Salaam

Mwenyekiti, walimu wangu, wazazi na ndugu zangu wote. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Naona wengine mnaitazama ratiba mara ya pili. Msihangaike, hamjakosea ukumbi. Wazazi wangu ni Wakorea wa Gwangju, mji ulio kusini magharibi mwa Korea Kusini. Mimi nimezaliwa Dar na kusomea Dar. Kiswahili changu nilipewa na dada mmoja wa Singida, aliyenilea wakati baba na mama wakishinda dukani Kariakoo wakiuza vipuri vya magari. Watoto wa mtaani kwetu Upanga walimalizia kazi, maana kwao ukitamka neno vibaya unalisikia likirudiwa wiki nzima.

Waandaaji wamenipa kichwa kinachosema "Kurudi kwenye lugha ya mababu". Nawashukuru, lakini naomba nianze kwa kukipinga. Mimi sikurudi popote. Kikorea nilichojifunza ukubwani ni cha mahali ambapo sikuwahi kufika nilipokuwa mtoto, na nadhani hapo ndipo wazazi wengi mnapojidanganya kuhusu watoto wenu.

Nyumbani kwetu mama akisema kwa Kikorea, mimi nilijibu kwa Kiswahili. Baba akiuliza kwa Kikorea shuleni kulikuwaje, nilijibu kwa Kiswahili, akanielewa, tukaendelea kula. Ondoa Kikorea, weka Kihaya, Kinyakyusa au Kipare, na wengi humu mtaiona meza yenu wenyewe. Mgeni akiingia anasifu kwamba watoto wana lugha mbili. Wanazo kweli, ila moja ni ya kusema na nyingine ni ya kusikia tu. Nilikuwa nayajua yote ya njoo ule, kaoge, vua viatu, punguza kelele baba amelala. Nilijua kudeka, kununa na kuomba hela. Lakini kodi ya pango, uchaguzi, bima, hati ya nyumba, pole kwa msiba, hayo sikuwahi kuambiwa na mtu kwa Kikorea, maana hakuna anayemwambia mtoto wa miaka sita habari za hati ya nyumba.

Wataalamu wa isimu watu wa namna yangu wanatuita wazungumzaji wa urithi. Jina zuri, linafanya mtu ajione ameachiwa shamba. Hali yenyewe ni kwamba Kikorea changu kilikuwa sare ya darasa la kwanza: kitambaa halisi, nembo halisi, ila mwili ulishakua.

Sasa, kwa nini hili linauma zaidi kwenye Kikorea? Kwa sababu Kikorea hakikuruhusu kumaliza sentensi kabla hujaamua unayesema naye ni nani kwako. Kitenzi hukaa mwisho, na mkia wa kitenzi ndio unaobeba heshima. Ukimuuliza rafiki yako kama amekula utasema "bap meogeosseo?" Mtu wa kazini mnayeheshimiana ataulizwa "bap meogeosseoyo?" Ukifika kwa bibi, karibu kila kitu kinabadilika, chakula na kitenzi chake pamoja: "jinji japsusyeosseoyo?" Kiswahili kazi hii tunaifanya mlangoni. Unatoa shikamoo, unapewa marahaba, na baada ya hapo sarufi ya kusema na bibi ni ileile ya kusema na rafiki. Kwa Wakorea shikamoo imo ndani ya kila sentensi mpaka unaaga.

Tazameni mtego ulipo. Mzazi hamsemeshi mwanawe kwa lugha ya heshima. Mama yangu alinisemesha kwa ile namna ya chini, ya ndani, ya mapenzi, nami zile mara chache nilipomjibu kwa Kikorea nilimrudishia hiyohiyo, kama watoto wengi wa kwao wanavyofanya. Kwa hiyo namna pekee niliyoisikia kutwa ndiyo namna nisiyoruhusiwa kuitumia kwa karibu kila mtu mzima nje ya mlango wetu. Mtoto aliyekulia Korea hurekebishwa na mwalimu, na jirani, na muuza duka, na kaka wa darasa la juu. Upanga nani angenirekebisha?

Ndiyo maana nilipokwenda Seoul kusoma, nilikuta jambo linalochekesha kidogo. Mwanafunzi wa Kivietinamu, aliyeanza na kitabu, alikuwa anakwamakwama lakini kila mkia wa kitenzi chake una adabu. Mama muuza mboga anamfurahia, anamwongezea kitunguu. Sisi wenye sura za kwao, wenye matamshi yaliyonyooka, tukifungua mdomo tunamsemesha mama wa watu kama tunamsemesha mdogo wetu. Mgeni husamehewa. Anayefanana na wenyeji huonekana hana malezi, na lawama inapanda mpaka kwa wazazi wake.

(Upande wa ukoo, niseme kwa haki, sikupata tabu. Kaka mkubwa wa baba kwao ni baba mkubwa, mdogo wake ni baba mdogo, na shangazi si sawa na dada wa mama. Wenzangu waliolelewa Marekani walihitaji kuchora mti ukutani.)

Darasa letu lilikuwa la watoto wa Wakorea waliokulia nje. Wa Los Angeles walikuwa wengi, na hao walishapitia shule za Jumamosi za makanisani, wanajua kusoma na wanajua nyimbo. Nataka niwasimulie zaidi kijana mmoja wa Almaty, Kazakhstan. Kikorea chake kilimshangaza hata mwalimu. Alikipata kwa bibi yake, na maneno yake yalikuwa ya mkoa wa Hamgyong, kaskazini kabisa, sehemu ambayo leo imo ndani ya Korea Kaskazini, tena ya miaka mia iliyopita.

Mababu zake walikuwa wamevuka mpaka kuingia mashariki ya mbali ya Urusi, upande wa Vladivostok, wakalima na kufungua shule. Agosti 1937 Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, na waziri mkuu wake Molotov walitia saini amri ya kuwahamisha Wakorea wote wa eneo hilo, kwa madai ya kuzuia ujasusi wa Japani. Watu wapatao 172,000 walipakiwa kwenye treni na kushushwa Kazakhstan na Uzbekistan. Karibu na kituo cha Ushtobe watu walichimba mashimo ardhini ili wapite majira ya baridi. Mwaka uliofuata shule zao zikabadilishwa kuwa za Kirusi. Kikabaki Kikorea cha gazeti moja, cha jumba moja la maigizo, na cha jikoni.

Hong Beom-do, jemadari aliyewapiga Wajapani mwaka 1920 kwenye mapigano ya Fengwudong, naye alipakiwa kwenye treni hizo. Miaka yake ya mwisho alikuwa mlinzi wa jumba lile la maigizo huko Kyzylorda, na huko akafariki mwaka 1943. Mabaki yake yalirudishwa Korea Kusini Agosti 2021. Kijana wa Almaty alinisimulia hayo tukiwa kwenye foleni ya chakula, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mzee wa mtaani kwao.

Huko walikohamishiwa hawakupata kabichi ya kutengenezea kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa ambayo Wakorea hula kila siku, wakachukua karoti, wakaikata nyembamba, wakaitia siki, kitunguu saumu na pilipili. Leo saladi hiyo inauzwa katika masoko ya Urusi na Asia ya Kati kama chakula cha Kikorea, na Korea yenyewe ilikuwa haijulikani mpaka ilipoletwa na hao hao waliorudi. Mama yangu angeelewa mara moja. Kimchi ya kwetu Upanga ilitengenezwa kwa chainizi, au kabichi ya kawaida chainizi ikikosekana, na pale penye kamba wadogo waliotiwa chumvi yeye alitia uduvi wa Feri, aliouloweka usiku kucha. Ilikuwa inanuka mpaka kwa jirani. Nilipokula kimchi ya Seoul kwa mara ya kwanza niliona imepooza.

Nawaeleza haya kwa sababu ya methali moja niliyopigwa nayo sana: mwacha mila ni mtumwa. Nimeambiwa na Waswahili kwa upole, nikaambiwa na Wakorea kwa maneno yao wenyewe, makali zaidi. Wewe Mkorea gani usiyejua kusema na wakubwa? Methali ni ya kweli kwa mtu mzima aliyekuwa na kitu mkononi akakitupa. Kwa mtoto haisemi kweli. Yule bibi wa Almaty hakuiacha shule ya Kikorea, ilifungwa. Japani nako, mwaka 1948, serikali ilipoamuru shule za Wakorea zifungwe, wazazi waliandamana Osaka na Kobe, na kijana wa miaka 16 akapigwa risasi akafa.

Hata ndani ya Korea yenyewe lugha hii ilipata kusukumwa jikoni. Wajapani waliitawala nchi kuanzia 1910 hadi 1945. Mwaka 1938 Kikorea kilifanywa somo la hiari, kisha kikatoweka madarasani. Mwaka 1940 watu wakashinikizwa kuchukua majina ya Kijapani. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na jina la shule na jina la nyumbani. Wakati huohuo chama cha wanalugha kilikuwa kinakusanya maneno ya kamusi. Mwaka 1942 wakakamatwa, na wawili kati yao wakafia gerezani. Mswada ukapotea. Septemba 1945, vita vimekwisha, ukakutwa kwenye ghala la stesheni ya Seoul, na juzuu ya kwanza ikatoka mwaka 1947. Kwa nini watu wafie kamusi? Kwa sababu lugha ya kumwita mtoto mezani hakuna dola inayoweza kuizuia. Inayozuilika ni lugha ya mahakama, ya hesabu, ya gazeti, ya kubishana na mkubwa wako wa kazi. Hiyo ndiyo waliyoipigania, na hiyo ndiyo niliyokuwa sina.

Nipite haraka kwenye maandishi, maana kila mtu huniuliza. Herufi za Hangul zilitangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, na msomi wake Jeong In-ji aliandika kwamba mwerevu atazijua kabla asubuhi haijaisha na mjinga atazijua kwa siku kumi. Ni kweli, ni rahisi. Tahajia ndiyo inayotusumbua sisi tuliojifunza kwa masikio: ua linatamkwa kkot, na mwisho wake linaandikwa kwa herufi ya ch. Na Kikorea cha gazeti kimejaa maneno yenye asili ya Kichina, kama Kiswahili cha mahakamani kilivyojaa Kiarabu. Hapo jikoni hapakusaidii kitu, unakaa na kukariri kama mgeni yeyote.

Matamshi ni habari nyingine, na hapa nina mwenzetu wa pili, dada aliyelelewa Uholanzi. Tangu Vita vya Korea, watoto wapatao 200,000 wameasiliwa na familia za nje, wengi Marekani na Ulaya. Yeye aliondoka akiwa bado ananyonya, na alikuja darasani akiwa hajui hata kuomba maji. Lakini kuna sauti tatu za Kikorea zinazowatoa jasho wageni: dal ni mwezi, ttal ni binti, tal ni barakoa. Mtu wa Lamu au Mombasa atanielewa, maana kwao paa la nyumba na paa wa porini havitamkwi sawa, yule wa porini hupewa pumzi. Sisi wa Dar tofauti hiyo hatuna. Yule dada alizipata sauti zote tatu mapema kuliko alivyotarajia mwalimu.

Watafiti wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2003 huko Ufaransa walipimwa watu wazima waliotoka Korea wakiwa na miaka mitatu hadi minane. Waliposikilizishwa Kikorea, ubongo wao haukuonyesha tofauti na wa Wafaransa wengine, ikaonekana kimefutika chote. Lakini mwaka 2017 Jiyoun Choi, Mirjam Broersma na Anne Cutler walichapisha utafiti wao juu ya walioasiliwa Uholanzi. Hao walifundishwa sauti hizi pamoja na Waholanzi wenzao, wakaonekana kuzitamka vizuri zaidi, hata wale walioondoka kabla ya kufikisha miezi sita.

Nikisimulia hili, mtu husimama akashangilia: unaona, ni damu! Naomba tusiseme hivyo. Hao watoto walisikia. Miezi michache ya kubebwa mgongoni na kusikia watu wakiongea iliacha kitu masikioni, na kitu hicho kisingejitokeza bila kufundishwa ukubwani. Mtoto wa Kiholanzi aliyezaliwa jirani na bibi yangu Gwangju angebaki na masikio hayohayo. Anayetegemea damu imfundishie mtoto lugha atasubiri sana.

Sasa nifike kwa baba, maana ndiye hasa aliyenifanya nikubali kusimama hapa.

Baba anakijua Kiswahili, lakini Kiswahili chake ni cha dukani. Anajua bei, punguzo, mzigo, forodha, njoo kesho. Kikorea changu kilikuwa cha jikoni. Kwa hiyo muda wote nilioishi nyumbani, mimi na baba yangu tulikutana kama muuza vipuri na mtoto wa miaka sita. Tulipendana, hilo sina shaka nalo. Ila hakuna jambo refu lililowahi kupita kati yetu.

Niliporudi likizo kutoka Seoul nilimsemesha kwa namna ya heshima kwa mara ya kwanza. Hakupenda. Aliniuliza kama nina deni naye. Mama akacheka, akasema mwacheni, amekua. Siku chache baadaye umeme ulikatika, feni ikasimama, tukatoa viti barazani. Nikamuuliza, kwa sentensi kamili yenye mkia wake, mwaka 1980 alikuwa wapi. Darasani tulikuwa tumesoma kuhusu Gwangju: Mei 18 ya mwaka ule, wanajeshi wa utawala wa kijeshi waliwashambulia wanafunzi langoni mwa Chuo Kikuu cha Chonnam, mji mzima ukainuka, wanajeshi wakatolewa nje ya mji kwa siku chache, kisha wakarudi alfajiri ya Mei 27.

Baba alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Alizungumza mpaka umeme ukarudi, akanyanyuka akazima taa ya baraza, akaendelea. Alisema kina mama wa sokoni walikuwa wanafinyanga wali matonge, wanauweka kwenye mabeseni na kuwapa vijana waliokaa juu ya malori. Alisema jina la rafiki yake ambaye sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Yote aliyasema kwa lafudhi nzito ya Jeolla, upande wa kwao Gwangju, ile ambayo mwalimu wetu wa Seoul alikuwa anatuambia tuipunguze, nami nilikuwa naifuata neno kwa neno, pale niliposhindwa namkatiza na kuuliza. Kulipokucha niligundua kwamba kumbe hata sababu ya kuja Afrika sikuwa naijua. Niliambiwa utotoni kuwa ni biashara. Biashara ilikuwepo, ila haikuwa mwanzo wa habari.

Watu wakisikia nimejifunza Kikorea upya huniuliza kuhusu tamthilia na muziki, na siwalaumu, navyo nimevitazama sana. Ngoma na mavazi unaweza kuvipata hata usipojua lugha, na hadithi ya baba yangu kuhusu wali wa matonge isingeweza kufika kwangu kwa njia nyingine yoyote. Kwa Kiswahili cha dukani haisemeki. Kwa Kikorea cha jikoni nisingethubutu hata kuuliza.

Muda wangu umekwisha, lakini mwenyekiti ameruhusu swali moja.

Mama pale nyuma ameuliza hivi: mwanangu ana miaka kumi na mitatu, anaelewa Kihaya, hasemi, je, nimechelewa?

Hujachelewa, mama. Masikio tayari anayo, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wengine wanailipia ada. Ila usianze naye kwenye majina ya ndizi, hayo anayajua. Mpe shughuli ya watu wazima. Mpaka wa shamba la kijijini una mgogoro? Mwambie ampigie bibi yake aulize jirani amesema nini, na mwenyekiti wa kitongoji amesema nini, kisha aje akueleze kwa Kihaya. Mchukue kwenye kikao cha ukoo, akae, asikie watu wakikataana kwa adabu. Akikosea namna ya kumsemesha mkubwa, mrekebishe palepale kwa neno moja, uendelee na habari. Ukimfanya kichekesho mbele ya binamu zake hutamsikia tena. Akirudi na jibu nusu, mrudishe apige simu tena. Na bibi naye ongea naye pembeni kabla, umwombe asikubali kujibiwa kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, maana kwa nilivyoona mimi, wa kwanza kulegea huwa ni bibi.